Jina la Otabi Lilivyonipeleka Dubai

Safari hii sikuifanya kwa starehe, wala kwa biashara peke yake, ingawa mimi biashara siiachi nyumbani hata nikienda matangani. Niliondoka Voi kwa ajili ya jina. Jina la timu.

Watu wa kwetu wananijua, lakini huenda haya yakasomwa na wa mbali, basi nijitaje. Mimi ni Mwakio, mwenye duka la vipuri vya magari karibu na stesheni, lile lenye mlango wa buluu. Shule niliiacha darasa la tano. Nilianza na robota moja la mitumba, nikitandika gunia chini sokoni, na leo lori likikosa kipuri kwangu, dereva na atandike alale, hicho kipuri hakipo. Haya si majivuno. Muulize dereva yeyote wa barabara ya Mombasa.

Timu yetu ilitoka katika robota. Nililinunua Mombasa nikitarajia suruali za wazee. Kulifungua, nikakuta jezi seti nzima, rangi ya tofali, mikono myeupe, zimekunjwa vizuri kama zilizotoka kwa dobi. Kifuani zimeandikwa OTTABY & SONS. Vijana wa mtaa wetu wa Mwakingali wakati huo walikuwa wakicheza kifua wazi, na timu yao haikuwa na jina. Nikawapa zote bure, na siku hizo neno bure lilikuwa likiniuma kama jipu. Nikasoma kifuani, nikawaambia, "Kuanzia leo ninyi ni Otabi. Ni timu ya Uingereza hiyo, mmeletewa na Mwakio." Jina likashika. Watu wamezaliwa, wameoa, wamezaa, wote wakiimba Otabi.

Watani wetu ni Mkonge Rangers, wa ng'ambo ya reli. Kwao na kwetu kuna desturi moja: akifungwa mmoja, mwenzake humtengenezea jeneza la katoni, hulipaka rangi za aliyefungwa, kisha hulizungusha sokoni kwa vilio vya uongo. Mama Ngele, auzaye mahamri langoni mwa uwanja, ndiye fundi wetu wa majeneza hayo, na vilio vyake hata mfiwa halisi havipati.

Sasa, mwaka huu tulipata katibu mpya, kijana anayeitwa Mwamburi, msomi wa chuo kikuu, mwenye adabu zake. Siku moja alikuja dukani akasimama kama aliyeleta habari za msiba.

"Mzee Mwakio, usinielewe vibaya. Nimetafuta kwenye mtandao. Uingereza nzima hakuna timu inayoitwa Otabi. Haipo daraja la juu, haipo la chini."

"Umetafuta vizuri?"

"Mpaka timu za vijiji, Mzee."

Mambo ya namna hiyo hayalali. Kesho yake Mkonge wote walikuwa nayo. Kinyozi wao, Shete, akawa kila asubuhi anapita mbele ya duka langu akipaza sauti: "Mzee! Otabi wanacheza na nani wikendi hii? Na malaika?" Na wateja wangu wanacheka, wameshika mafuta ya breki mkononi, wanacheka.

Vijana wetu nao wakaona haya. Mkutano mkuu ukaitishwa ili jina libadilishwe, tuchukue la moja ya zile timu kubwa za Ulaya ambazo kila kituo cha bodaboda kina timu yenye jina la mojawapo. Mwamburi hakuwa na ubaya, alikuwa anawaonea huruma wachezaji. Lakini mimi nilijiona navuliwa nguo. Vipuri mtu yeyote anaweza kuuza. Kile nilichokizaa mimi katika mji ule, kitakachobaki nikiondoka, ni Otabi.

Hapo ndipo mpwa wangu Wakesho, binti ya dada yangu, aliponitumia sauti kwenye simu. Yeye ni mpishi katika nyumba ya Waingereza huko Dubai, mtaa wa Al Warqa. Dada yangu alikuwa amemhadithia aibu yetu. Akasema: "Mjomba, sikia. Ile jezi yenu iko hapa ukutani. Kwenye picha, ofisini kwa sir. Kila siku naipangusa vumbi, leo ndiyo nimesoma kifuani."

Nikamwambia mke wangu, "Nipakilie nguo. Mzigo wa Dubai niliokuwa niufuate mwezi ujao, naufuata sasa."

Kuondoka. Nilifika uwanja wa ndege wa Mombasa mapema, nimevaa koti. Ndani ya begi la mkononi, nimeifunga kwa leso ya mke wangu, nilikuwa nimebeba jezi namba tisa, ya mwisho kubaki katika seti ile ya kwanza. Ina viraka viwili na kola imeng'oka, lakini kifua kinasomeka. Askari wa ukaguzi akaifungua leso, akaitazama jezi, akanitazama mimi.

"Mzee, hii ni ya kuchezea au ya kupangusia gari?"

"Hiyo ni hati ya kiwanja, kijana. Kunja vile ulivyoikuta."

Akakunja. Katika ndege nilikaa karibu na dirisha, na sikulala. Siyo hofu, mimi ndege nimepanda mara nyingi kuliko wengine walivyopanda lifti. Nilikuwa nawaza: je, kama ile picha ni ya kitu kingine? Kama Mwamburi amesema kweli? Mtu hupigania jina akiwa kwake, lakini akikaa peke yake angani, jina lile lile linaanza kumuuliza maswali.

Naif, Deira. Kwa mgeni asiyepajua, Naif ni kama soko la Kongowea lililojengewa maghorofa: mabegi, simu, viatu, pasi, vitenge, vyote mlangoni, na mbele ya kila mlango mtu anakuita sadiki, yaani rafiki. Mimi hufikia kwa Salim, dalali wa Mombasa aliyekaa huko miaka mingi, anayenitafutia vipuri na kunisafirishia mizigo. Chumba chake kina vitanda vya juu na chini, nami kwa heshima hupewa cha chini. Tukala wali na samaki. Nikamweleza safari yangu yote.

Salim akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Yaani Mwakio, umekuja Dubai kuangalia picha?"

"Nimekuja kuchukua ushahidi."

"Ushahidi! Sikiliza ndugu yangu. Nyumba za watu huku huendi hivi hivi kama unakwenda kwa shangazi. Yule binti yuko chini ya kafeel, mwajiri anayeshika kibali chake, ana madam, ana sir. Ukibisha hodi bila kualikwa, wewe utarudi Voi na hadithi, na yeye atarudi Voi na sanduku."

Maneno yale yalinishika. Nilikuwa nimekuja na haraka zangu za mjini kwetu, ambako nikibisha mlango hufunguliwa. Nikampigia Wakesho nikamwambia aombe ruhusa, na akiona uso wa madam hauko sawa, aache kabisa, jina lisimharibie mtu riziki. Akasema, "Nitaomba kesho baada ya chai, Mjomba. Chai ya asubuhi ndiyo saa yake nzuri."

Satwa, siku iliyofuata. Asubuhi nilinunua mzigo wangu, gea boksi, shokabzoba na taa za malori, nikakabidhi kwa Salim. Mchana nikashika basi kwenda Satwa, mtaa wa mafundi cherehani. Nilikuwa nimekusudia vijana wangu wapate jezi mpya, kwa mfuko wangu mwenyewe, iwe mkutano umeamua hivi au vile. Kuna fundi mmoja pale, Mpakistani mwenye ndevu za hina, ambaye kwa ajili ya wateja wa kwetu amejua Kiswahili cha namna yake. Nikamtandikia namba tisa mezani. Akaipapasa, akaigeuza ndani nje, akatikisa kichwa kwa kuikubali.

"Hii kitambaa zuri. Zamani. Mimi natengeneza hii hii. Kifua jina gani, bhai?"

Nikaitazama ile namba tisa mezani.

"Sadiki, jina gani? Hii hii, au nyingine?"

Mimi, mtu ambaye sijawahi kukosa la kusema, nilisimama pale mbele ya cherehani kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Nikamwambia ashone zote, kifua akiache kitupu mpaka nirudi. Akasema, "Khalas, nangoja. Lakini yalla, usilale." Nikatoka nje, jua la Satwa likanipiga utosini, nikatembea kituo kizima bila kuliona basi lililonipita.

Jioni hiyo Wakesho akapiga. Alikuwa akicheka huku anahema. "Mjomba! Madam amesema sawa. Lakini sir, Mjomba, sir ndiye aliyeruka kitini. Ameniuliza mara tatu: jezi yenyewe? Anayo mkononi? Amesema uje Jumamosi, ukae mpaka jioni, kuna mechi."

Al Warqa, Jumamosi. Taksi ilinipitisha mitaa ya nyumba zilizokaa kimya, kuta ndefu, maua ya bogenvilia yakining'inia nje, na hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Wakesho alinifungulia lango dogo, amevaa aproni. Akapiga goti kidogo kunisalimia kama alivyofunzwa kwao, kisha akaniambia kwa Kidawida, lugha ya kwetu, nisivue viatu, Wazungu hawa hawajali. Nikavua vivyo hivyo.

Sir ni mzee mrefu mwenye tumbo na uso mwekundu, mhandisi wa mitambo ya maji. Aliukamata mkono wangu kama anayevuta pampu. Kiingereza changu mimi ni cha gea boksi: bei, saizi, tani. Kwa hiyo Wakesho aliketishwa katikati yetu, madam mwenyewe akaenda kutuletea chai, jambo lililomfanya mpwa wangu akae kwenye ncha ya kiti kama aliyekalia yai.

Kwanza nikafungua leso. Sir akaishika jezi kwa vidole, akapeleka kidole kwenye herufi za kifuani, moja moja. Halafu akanipeleka mbele ya picha ukutani. Ilikuwa kweli. Wachezaji wamepanga safu mbili, matope mpaka magotini, jezi rangi ya tofali, mikono myeupe, kifuani OTTABY & SONS. Moyo wangu ukatulia. Nikasema moyoni, Mwamburi, umekwisha.

"Muulize," nikamwambia Wakesho, "hawa Otabi wako daraja la ngapi sasa?"

Akauliza. Sir akamtazama, akanitazama, akasema maneno mengi. Wakesho akashika shavu.

"Mjomba, anasema hiyo timu haiitwi Otabi. Inaitwa Kelderby Town. Kelderby ndio mji."

"Sasa Otabi ni nani?"

"Ni mdhamini. Wenye biashara. Ndio waliolipia jezi."

Sawa. Hilo ningeweza kulibeba. Mfanyabiashara kwa mfanyabiashara. "Biashara gani?"

Wakesho akauliza, akajibiwa, na hakufasiri. Alikuwa akiangalia zulia.

"Binti, sema."

"Mjomba, nikisema utakasirika."

"Nimetoka Voi mpaka hapa. Sema."

"Anasema... ni watu wa kuzika. Wanatengeneza majeneza, wanabeba maiti, wanachimbisha makaburi. Ottaby na Wanawe. Ndiyo kazi yao."

Chai ilikuwa mkononi, nikaiweka chini isije ikaniaibisha. Kwa miaka yote hiyo, mji mzima, akina mama, watoto, hata mchungaji wetu mmoja alipokuja kuombea mechi, tumekuwa tukiimba jina la duka la majeneza. Na nikamwona Shete kinyozi. Nilimwona kabisa, na wembe wake mkononi, akiambiwa habari hii. Asingehitaji tena kazi ya kunyoa, angekula kicheko mpaka kufa kwake. Nikatamani nirudi Satwa saa ile ile nimwambie fundi aandike jina lolote la Ulaya, tumalize.

Nadhani sir aliuona uso wangu, maana alivuta kiti karibu, akaanza kusimulia polepole, akimngoja Wakesho kila baada ya maneno machache. Nami nayaandika hapa kama nilivyoyapata.

Kelderby ni mji wa tanuri za matofali. Timu iliundwa na wachoma matofali wenyewe, na uwanja wao waliujenga kwa matofali yaliyopinda, yale yasiyouzika, ndiyo maana ukuta wake hadi leo una tumbo. Ilikuwa timu ndogo yenye kiburi. Ilipanda madaraja, na wakati mmoja, katika mashindano ya kombe, ikaifunga timu kubwa ya Londoni juu ya barafu, na siku hiyo baba yake sir alirudi nyumbani bila kofia, hajui ilirukia wapi. Kisha tanuri zikafungwa mojamoja. Akaja tajiri mmoja wa maneno matamu, akainunua timu, akaahidi uwanja mpya wenye viti vya kukunja. Alichokifanya ni kuuweka rehani uwanja wa zamani, akauza hata taa za nguzoni, kisha akahama mji. Timu ikashuka, ikashuka tena. Wachezaji walikuwa wakifua nguo zao majumbani. Wafanyabiashara wote wa mji, wenye mazulia, wenye magari, wenye mikate, waliitwa wadhamini jezi, na wote wakakataa. Nani anataka jina lake liandikwe kwenye chombo kinachozama?

Duka la mzee Ottaby lilikuwa linatazamana na lango la uwanja. Miaka mingi alikuwa ameomba kuisaidia timu, wakamkatalia, wakisema ni mkosi. Safari hii wakamwendea wenyewe, kofia mkononi. Na yeye akawajibu, na hapa sir aliinua kidole, Wakesho naye bila kujijua akainua chake: "Mimi kazi yangu ni kuzika waliokufa. Hii timu bado inapumua."

Akalipa jezi. Basi lake la kubebea wafiwa likawa linabeba wachezaji kwenda mechi za mbali. Kila uwanja waliokwenda, wenyeji waliwazomea, wakawaimbia nyimbo za mazishi, wakawatupia maua. Na kila uwanja, wenyeji wenyewe wakaingiwa na ubaridi, maana hakuna mtu anayependa kufuatwa nyumbani kwake na gari lile. Mashabiki wa Kelderby nao wakatunga wimbo wao wa kumwambia mzee Ottaby aweke koleo chini, kwa kuwa hawajafa. Siku ya mwisho ya msimu walihitaji sare tu ili wasipotee kabisa. Wakaipata. Hiyo picha ukutani ilipigwa dakika chache baada ya kipenga, na yale matope ni ya siku hiyo.

Jezi zile zilivaliwa msimu mmoja tu. Mwaka uliofuata wadhamini wenye woga wakarudi mbio. Zile za zamani mke wa Ottaby alizifua, akazikunja, akazipeleka kanisani ziende kwa wahitaji. Sir akasema, "Hatukujua kamwe zilifika wapi."

Nikamwambia Wakesho, "Mwambie zilifika kwangu."

Saa kumi na mbili jioni mechi ilianza. Huko kwao ilikuwa alasiri. Sir alikuwa ameunganisha kompyuta na televisheni kubwa, na kabla ya kipenga aliomba jambo moja kwa haya, mtu mzima yule: je, anaweza kuivaa namba tisa? Nikamruhusu. Ilimfika kitovuni. Madam alicheka hadi akatoka chumbani. Ndipo nilipoambiwa kuwa Kelderby, leo hii, wako daraja la nne, na mwaka huu wamerudi palepale: siku ya mwisho, wanahitaji sare, wakifungwa wanatoka kwenye ligi.

Mungu anajua kupanga, nikasema. Au anajua kutesa.

Walifungwa bao mapema, bao la kizembe, beki amesimama anamtazama mwenzake kama wanaosubiri chai. Mimi uvumilivu wa kutazama upuuzi sina. Nikasimama nikawa nafundisha kwa Kidawida, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha gea boksi, "Toa! Toa nje! Mark mtu!" Sir naye anafundisha kwa lugha yake, na tulikuwa tunaelewana vizuri kuliko tulivyoelewana kwa mkalimani. Kipindi cha pili ikapigwa kona, mpira ukamgonga beki mmoja gotini, hakujua hata umetoka wapi, ukaingia. Sare. Sir alinikumbatia, nami nikamkumbatia, Wakesho akapiga kigelegele kilichomfanya jirani awashe taa.

Kisha ikawa ni kuomba muda uishe. Wageni wakashambulia kama nyuki. Na hapo, kutoka lile jukwaa la matofali lenye tumbo, nikausikia. Kwanza wachache, halafu uwanja mzima. Wimbo wa polepole, kama wa kanisani, na ndani yake neno moja nililolijua: Ottaby. Ottaby, weka koleo chini. Ottaby, bado. Maelfu ya watu weupe wenye kofia za sufu, wanaliimba jina ambalo nililisoma kifuani pa jezi nikiwa nimechuchumaa juu ya gunia katika soko la Voi.

"Bado wanaimba?" nikauliza. "Mzee mwenyewe yuko hai?"

"Alikufa zamani," Wakesho akafasiri. "Anasema mwanawe ndiye aliyemzika, na mji wote ulifuata. Lakini kila timu ikikaribia kufa, wao humwimbia yeye."

Nikatoa simu yangu, nikaiinua mbele ya televisheni, nikarekodi. Kipenga kikalia. Sare. Sir akakaa chini sakafuni na jezi yangu imembana, akafuta uso kwa mkono mweupe wa jezi. Nami nilihisi kitu kikinishuka mabegani, kama kuli aliyetua gunia alilolibeba toka melini. Nilipumua. Nadhani sikuwa nimepumua vizuri toka siku Mwamburi aliposimama mlangoni pangu.

Wakati wa kuaga alinirudishia jezi, akaniomba radhi kwa kuilowesha. Nikamwambia asiombe. Ilikuwa na jasho la Voi peke yake kwa muda mrefu, ikachanganyike na la kwao. Nikamwambia pia kuwa yule binti ni damu yangu. Akajibu kuwa kuanzia leo anajua.

Kurudi. Asubuhi yake nilikuwa Satwa kabla fundi hajafungua. Akaniona, akainua mikono: "Haya bhai! Jina?" Nikamwekea namba tisa mbele yake. "Hilo hilo. Herufi kwa herufi." Salim alipozipakia katika begi langu alisoma kifuani, akaniuliza kama nimepata ushahidi wangu. Nikamwambia nimepata zaidi, na nikamwonya: atakayecheka mwisho mwaka huu anatoka Mwakingali.

Voi, mkutano mkuu. Tulikutana ukumbi wa kanisa baada ya ibada. Shete kinyozi alikuja pia, ingawa si mwanachama, akakaa karibu na dirisha kama mtu aliyekuja harusini kula. Mwamburi akafungua kikao, akaniangalia kwa huruma, akanipa nafasi ya kwanza. Sikuhutubia. Nilichomeka simu yangu kwenye spika za kwaya, nikabonyeza.

Ukumbi ukajaa sauti ile. Watu wakatazamana. Mama Ngele akasimama taratibu, mkono kifuani. Mwamburi alisogea hadi kwenye spika akainama, na wimbo ulipofika kwenye jina akafumba macho. Kisha nikawaeleza yote, sikuficha kitu: kwamba Mwamburi alisema kweli, hakuna timu inayoitwa hivyo, kwamba Kelderby ndiyo timu, na kwamba Ottaby alikuwa muuza majeneza.

Shete ndiye aliyekuwa wa kwanza kudakia. "Wee! Kumbe ni timu ya maiti!" Akapiga mapaja yake. "Timu ya maiti, jamani!"

"Kaa chini, Shete," Mama Ngele akamwambia, hakupandisha sauti. "Maiti ni wale wanaobebwa. Sisi ndio wabebaji. Umewahi kuona mwenye duka la majeneza akazikwa na mteja?"

Kicheko kilichopasuka pale nilikisikia mpaka kwenye meno. Hata Shete alicheka, ikambidi. Nikafungua begi, nikarusha jezi mpya moja moja, na kila aliyedaka aliivaa juu ya shati la ibada. Mwamburi akaliondoa pendekezo lake mwenyewe, akaomba badala yake wimbo ule tuutafsiri. Siku hizi anaufundisha yeye. Sikumsimanga, kijana alitafuta vizuri, ila mtandao wake haukuwahi kuketi na sir mmoja mezani.

Nilichojifunza nitakisema kwa kifupi, maana nimechoka na duka limejaa watu. Nilidhani nimeipa timu jina la wakubwa, ndio maana nililipigania. Kumbe niliipa jina la mtu aliyesimama na wenzake siku ambayo hakuna mwingine aliyetaka kuonekana nao. Lile ni kubwa zaidi. Na nalala vizuri.

Jumapili iliyopita tulicheza na Mkonge. Kwa kujiamini walikuja na jeneza lao la katoni, rangi ya tofali, tayari kwa ajili yetu. Walipolikaribia lango wakatuona tumejipanga, tumevaa Ottaby & Sons kifuani, tunaimba polepole. Wakasimama. Wakasemezana. Kisha wakalitua jeneza chini, nje, karibu na meza ya mahamri, wakaingia mikono mitupu.

Mama Ngele alilikagua, akaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akatingisha kichwa. "Kazi ya haraka haraka," akasema. "Wangetuuliza wenye kazi."